Mashine Iliyojilipa Yenyewe

Kiinua mgongo cha Bi Jicho kilikuwa na uzito wa kilo kumi na nne, na kililetwa kwa mkokoteni siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Msukuma mkokoteni alikishusha mlangoni, akamwonyesha mstari wa kutia sahihi, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, ameshika kikombe kidogo kama cha kuchezea watoto. Ndani mlikuwa na mashine ya espreso ya nyumbani: chuma kinachong'aa, mpini mmoja, bomba jembamba la mvuke na geji yenye mshale mwekundu.

Barua ilikuwa imebandikwa ubavuni. Afisa utumishi wa kiwanda cha kahawa aliandika kwamba mwaka huo kampuni ilikuwa na mashine nyingi kuliko fedha, na kwamba thamani ya mashine moja, kwa bei ya dukani, ilikuwa sawasawa na kiinua mgongo cha mchambuaji aliyetumikia miaka ishirini na saba. Hakuwa amepunjwa hata senti. Aya ya mwisho ilieleza faida. Mwenye mashine nyumbani haendi kununua kikombe hotelini, na kwa hesabu ya kampuni, baada ya vikombe elfu saba mia nane na thelathini, mashine hujilipa yenyewe.

Bi Jicho aliisoma barua akiwa ameilaza magotini, kwa kuwa hakuweza kusoma kitu kilichokaa juu zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Jina la Jicho alilipata mezani, alipokuwa akichambua kahawa. Punje nyeusi, punje iliyotobolewa na mdudu, punje iliyopasuka, zote alikuwa ameshazitoa wenzake wakiwa bado wanazitafuta. Meza ilitengenezwa kwa watu wafupi kuliko yeye, na mgongo wake ukaifuata meza. Mwaka wa kumi na sita mgongo uligoma kunyooka. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, aliwatambua watu kwa viatu, na uso wa binti yake aliuona pale tu binti alipokaa chini. Kampuni ilimstaafisha kwa sababu za kiafya.

Mtaalamu wa mifupa alikuwa ameshampa karatasi yenye muhuri, inayoonyesha gharama ya upasuaji wa kumnyoosha. Ilikaribiana na kiinua mgongo chake. Nyumbani pakawa na utani kwamba hatimaye neno hilo litafanya kazi yake.

Binti yake, aliyekuwa msusi na saluni yake ilikuwa sebule ya nyumba hiyohiyo, aliona boksi aliporudi kutoka kununua mafuta ya nywele.

"Wamekupa nini?"

"Mashine ya kahawa."

"Wewe hata hunywi kahawa, mama."

"Nimeinusa miaka ishirini na saba. Inatosha."

Waliipakia mashine kwenye mkokoteni mwingine, wakaipeleka kwa muuza vyombo vya mitumba. Yeye aliizunguka mara mbili, akavuta mpini, akaurudisha taratibu.

"Kitu kizuri sana hiki," alisema. "Siwezi kukinunua."

"Dukani bei yake imeandikwa," binti alisema.

"Bei anaandika muuzaji, dada yangu. Mimi natafuta mnunuzi. Mtaa huu nani ataacha kununua godoro anunue hii?" Alitaja sehemu moja ya kumi ya bei ya dukani. Walipogeuka kuondoka akawaita. "Basi nitaongeza na pasi."

Walirudi nayo nyumbani, wakaiweka juu ya meza karibu na dirisha linalotazama barabarani. Binti alinunua kahawa ya daraja la mwisho, ile ya punje zilizokataliwa ambazo kiwanda huziuza getini, akaandika kwenye kipande cha boksi kwamba hapa pana espreso.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi saa, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Alikunywa mafunda matatu, akasema, "Jumanne."

"Leo ni Jumamosi, fundi," Bi Jicho alisema.

"Najua. Niliyopata mimi ni Jumanne. Mvua inanyesha, paa linavuja juu ya meza ya tatu, msimamizi amevaa suruali ya kahawia iliyopanda juu ya vifundo. Nimechambua magunia mawili na nusu." Alijishika kiuno. "Kahawa yenyewe haina ubaya. Ongeza nyingine."

Bi Jicho aliitafuta Jumanne hiyo kichwani asiipate. Mahali pake palikuwa peupe, kama ukutani palipoondolewa kalenda. Akatia kahawa nyingine kwenye kichungi, akaikandamiza, akavuta mpini. Fundi alipata Jumatatu moja ya kiangazi, isiyo na jambo.

Jumatatu iliyofuata Bi Jicho alipompa fundi chenji aliona kifungo cha chini kabisa cha shati lake. Kabla ya hapo alikuwa akiishia kwenye mkanda.

Binti ndiye aliyepiga hesabu, kwenye kioo cha saluni, kwa kalamu ya nyusi. Siku mia mbili na tisini za kazi kwa mwaka, mara miaka ishirini na saba. Aliandika jibu, akasimama akilitazama, kichana kikiwa bado mkononi.

"Elfu saba mia nane na thelathini. Ndivyo vikombe vyao, mama. Mashine inajilipa kwa siku zako."

"Za kazini?"

"Za kazini. Kuanzia getini asubuhi mpaka getini jioni."

"Zote zinafanana," Bi Jicho alisema. "Waache wazichukue."

Kila siku iliyotoka ilitoka na mpindo wake. Mpindo wa siku moja ni mdogo, hauonekani kwa macho, lakini walikuwa wakiuza vikombe thelathini kwa siku. Mashine nayo ilikuwa na gharama zake. Ilikula umeme, ilitaka unga wa kuondoa ukoko wa chumvi kila mwezi, na mpira wa kuzuia maji ulipasuka mara mbili ukabidi uagizwe. Baada ya hayo yote kilichobaki kilitosha kununua sabuni na vocha ya simu. Kwa mwendo huo upasuaji ungelipiwa baada ya miaka kumi na tisa. Hawakuzungumza tena habari za upasuaji. Ile karatasi yenye muhuri binti aliikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukitikisika.

Wateja hawakusumbuliwa na siku walizozipata. Wengi walisema zilikuwa za kuchosha lakini hazikuwa na madhara. Mpaka rangi wa mtaa, aliyekuwa hajapata kibarua tangu mwaka uliopita, alikunywa kikombe kimoja kila asubuhi saa mbili, akakaa kwenye benchi akijinyoosha vidole.

"Mke wangu ananiuliza nilikuwa wapi," alisema siku moja. "Namwambia nimetoka kazini, na simdanganyi. Nimechambua magunia matatu leo. Akauliza, mshahara uko wapi?"

"Ukamjibu nini?" fundi aliuliza.

"Nikamwambia huo haumo kikombeni."

Walicheka. Fundi saa alikuwa ameanza kuinama kidogo mabegani. Alisema kazi ya saa ndivyo ilivyo.

Mwezi wa sita, asubuhi ya Jumatano, Bi Jicho akiwa amefika kifungo cha tatu kutoka juu, fundi alikunywa kikombe chake cha pili, akakiweka chini kabla hajakimaliza. Jasho lilimtoka. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akapumua kwa mdomo. Mpaka rangi alisogea kumpa nafasi.

"Vipi, fundi?"

"Subiri." Alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia saa. "Nimezaa."

"Mtoto gani?"

"Wa kike. Kwenye stoo ya magunia." Alimalizia kahawa iliyobaki, kwa kuwa alikuwa ameshailipia. "Uchungu ulinianza saa tatu, nikamwambia msimamizi. Akasema nimalize gunia kwanza. Nikalimalizia. Halafu nikaenda stoo mwenyewe."

Alimtazama binti, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, vidole vimezama kwenye nywele za mteja.

"Ni wewe," fundi alisema. "Ulilia kidogo tu, kisha ukanyamaza."

Binti alimaliza msuko aliokuwa ameushika, akaufunga kwa uzi. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, unakumbuka?"

Bi Jicho alikuwa akipangusa bomba la mvuke. Alifikiri vizuri kabla ya kujibu. "Nakumbuka natoka getini nimekubeba. Ulikuwa umefungwa kwenye gunia jipya. Mlinzi alilifungua akaingiza mkono, kuangalia kama nimeiba kahawa. Akakukuta wewe, akaturuhusu tupite."

"Tuifunge mashine."

"Nimefika kifungo cha tatu."

"Mama, mimi nilikuwemo kwenye siku hiyo."

"Wewe upo hapa. Nakuona mpaka kidevuni."

"Na zilizobaki? Siku aliyokufa baba walikuita ofisini kukuambia. Hiyo nayo anywe nani? Huyu mpaka rangi?"

"Mimi sikatai," mpaka rangi alisema, kisha akaona afadhali anyamaze.

Bi Jicho alitundika kitambaa. Hakuwa amekasirika, na hakuwa na huzuni ambayo angeweza kuionyesha kwa kidole. "Mwanangu, mgongo wangu nimeubeba mimi," alisema. "Siku zikibaki, na wenyewe unabaki. Kama unataka habari za kuzaliwa kwako, muulize fundi. Anazijua kuliko mimi."

Binti alivuka barabara alasiri ileile, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Fundi alikuwa na kioo chake cha kukuzia jichoni, akaendelea kufungua saa ya ukutani huku akimweleza. Alimweleza harufu ya magunia, na jinsi alivyojifunga mdomo kwa uzi wa kushonea magunia ili asipige kelele. Alimweleza jinsi mtoto alivyokuwa mzito kuliko alivyotegemea. Kwamba karani wa getini aliandika nusu siku.

"Uliogopa, mjomba?"

"Sikuogopa. Nilikuwa nafikiria gunia. Sikuwa na hakika kama nililifunga."

Kuanzia kesho yake binti naye alikunywa, vikombe sita kwa siku, akijaribu kuziwahi siku za maana kabla ya wageni. Alipata siku za kuchambua. Wiki ya tatu bega la kulia lilianza kumuuma, akapunguza hadi viwili. Siku ya kifo cha baba yake ilikwenda kwa dereva wa lori aliyesimama kuuliza njia. Aliinywa, akavua kofia, akakaa nayo magotini kwa dakika chache, akauliza kama kuna kikombe cha kubeba, akaendelea na safari. Hawakumwona tena.

Kikombe cha elfu saba mia nane na thelathini aliuziwa mpaka rangi, Jumamosi, mwezi wa kumi. Kilikuwa na Jumatano ya kawaida. Kilichofuata kilikuwa na kahawa tu. Mpaka rangi alikisubiri kifanye kitu, kikakaa kimya tumboni. Wiki iliyofuata nusu ya wateja hawakuja.

Bi Jicho alisimama wima. Alikuwa mrefu kuliko binti yake, jambo ambalo wote wawili walikuwa wamelisahau. Aliona juu ya kabati, akakuta vumbi la miaka na kichana kilichokuwa kikitafutwa. Alilala chali saa nane mchana, akaamka saa kumi, hakuna kilichomuuma. Akaenda kumtazama binti yake usoni, kwa karibu, kutoka juu.

"Hili kovu la kwenye nyusi ulilipata wapi?"

"Niliangukia ngazi nikiwa na miaka minne. Jirani ndiye aliyenipeleka zahanati. Wewe ulikuwa kazini."

"Kazi gani?"

Binti alimwambia. Bi Jicho alisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za shangazi wa mbali, akaitikia kwa kichwa pale palipohitajika. Aliuliza kama ndiyo sababu watu wanamwita Jicho.

Afisa utumishi alifika Jumanne, na gari la kampuni, vijana wawili wa kubeba na jalada jembamba. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alifuta viatu vizuri kabla ya kuingia. Alikaa kwenye kiti cha saluni na kulifungua jalada mapajani. Ndani mlikuwa na kadi za mahudhurio, miaka ishirini na saba, zote tupu. Hata jina halikuwepo.

"Wakaguzi wamepita," alisema. "Kwa mujibu wa kadi, mama huyu hajawahi kufanya kazi kwetu hata siku moja. Mashine imetolewa kwa mtu asiye mfanyakazi. Nimekuja kuichukua. Matumizi tumeyasamehe."

"Mama yangu amefanya kazi pale miaka ishirini na saba," binti alisema.

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

Bi Jicho alisema kwamba hakumbuki.

"Ngoja basi," binti alisema. "Mtaa mzima unakumbuka."

Akatoka barabarani akaita. Alikuja fundi saa, akaja mpaka rangi, wakaja wanawake wanne wa saluni, muuza mkaa na mwalimu mstaafu mwenye fimbo. Wengine walisimama nje ya dirisha. Walisema walichokuwa nacho, mmoja mmoja, bila kugombania. Paa la meza ya tatu. Suruali ya kahawia. Mwaka ambao vumbi la maganda lilimfanya atapike kwa wiki nzima, na mshahara wa wiki hiyo ukakatwa. Stoo ya magunia. Afisa aliandika yote kwa mwandiko safi, akauliza tarehe walizokuwa na hakika nazo, akamshukuru kila mtu.

"Siku hizi zimo," alisema alipomaliza. "Sina sababu ya kuzikanusha. Anayeikumbuka kazi ndiye aliyeifanya. Fundi, wewe una ngapi?"

"Mia tisa na nne."

"Na wewe?"

"Mia mbili na sitini na moja," mpaka rangi alisema, akakaa vizuri.

Afisa aliwapitia wote, akaandika idadi pembeni ya kila jina. "Kiinua mgongo kinaanza kwa aliyetimiza miaka kumi," alisema, "yaani siku elfu mbili mia tisa. Hapa hakuna hata mmoja aliyefika. Fundi ndiye aliye karibu. Hongera. Umebakiza siku elfu moja mia tisa tisini na sita."

"Mgongo wake," binti alisema. "Ulikuwa umepinda kama ndoana. Kampuni ilimstaafisha kwa ajili hiyo."

Afisa alimwomba Bi Jicho asimame ukutani. Alimtazama kutoka kisogoni hadi visiginoni, akamwomba ageuke upande. "Huu haujawahi kuinama," alisema, akaandika hilo pia.

Vijana waliichomoa mashine, wakamwaga maji ya ndani kwenye ndoo, wakaibeba. Watu walisogea kuwapisha. Mwalimu mstaafu aliuliza kama ataletewa risiti, akaambiwa italetwa. Baada ya hapo watu walitawanyika. Fundi saa alikuwa wa mwisho. Alivuka barabara akiwa ameinama, macho kwenye lami, na gari la kampuni lilimsubiri apite.

Afisa alikuwa bado amekaa. Alitoa fomu kwenye jalada.

"Mama, naona una afya," alisema. "Macho yako yakoje?"

"Mazuri."

"Tunatafuta wachambuaji. Walioko wengi wameharibika mgongo. Kazi si nzito, ni ya mezani. Na ukitimiza miaka kumi kuna kiinua mgongo."

"Mama, usichukue," binti alisema.

"Mashine imekwenda," Bi Jicho alisema. "Na wewe bega halikuruhusu kusuka siku nzima."

"Mama. Tafadhali."

"Ni kazi, mwanangu. Sijapata kazi ya kiwandani maisha yangu yote."

Fomu ilikuwa na maswali tisa. La sita liliuliza kama mwombaji amewahi kuajiriwa na kampuni hii. Aliandika hapana. Afisa alipiga muhuri hapohapo, juu ya meza ya saluni, kati ya vichana.

Jumatatu saa moja kasorobo alikuwa getini. Mlinzi aliingiza mkono kwenye mfuko wake, akamruhusu apite. Alipewa aproni, kofia ya nywele na namba. Msimamizi, msichana wa umri wa binti yake, alimpeleka mpaka kwenye meza ya tatu, akammwagia gunia la kwanza. Bi Jicho alisimama, mikono imening'inia, akazitazama punje kutoka juu, mbali kidogo.

"Sivyo, mama," msimamizi alisema bila ukali. Akamwekea kiganja kati ya mabega, akamwonyesha jinsi ya kuinama.